Tairi linasugua madigadi? Pima kwanza, grinda baadaye

Babati ni mji wa njia panda. Ukitokea Arusha, ukinyoosha unaelekea Kondoa na Dodoma. Ukikata kulia unakwenda Dareda, Katesh, mpaka Singida. Gari lilelile, siku hiyohiyo, linaweza kupita lami safi ya barabara kuu, matuta ya mjini, changarawe ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bashnet au Mbulu, halafu likamalizia kwenye tope la shambani kufuata magunia ya mahindi au mbaazi. Ndiyo maana magari madogo mengi ya huku yamefanyiwa mambo mawili: yamenyanyuliwa, na yamevalishwa tairi kubwa kuliko yalivyotoka kiwandani.

Na ndiyo maana ile sauti si ngeni. Gari linaruka tuta, nyuma inasikika "krrr". Dereva anakata usukani mpaka mwisho ili ageuze, mbele inajibu "shwaaa". Abiria wanaangaliana. Dereva anasema, "Ni tairi tu, inagusa kidogo."

Sasa, hapo mara nyingi suluhisho la kwanza kutajwa ni grinda: kata ukingo wa madigadi, mambo yaishe. Makala hii inapendekeza njia nyingine. Sauti ya kusugua ni dalili, kama homa. Dawa ya homa inategemea kilichoileta, na kwa bahati nzuri tairi huwa halifichi: *wakati* linaposugua na *mahali* linaposugua vinakuelekeza kwenye chanzo. Vifaa vya kuanzia ni chaki, tepu ya kupimia na tochi ya simu.

"Inagusa kidogo" ina uzito gani?

Tairi la kawaida la gari dogo halina nguvu sawa kila upande. Chini ya kashata, yaani ile sehemu inayokanyaga barabara, kuna mikanda ya nyuzi za chuma. Ubavuni hakuna mikanda hiyo. Kuna mpira mwembamba na nyuzi za kitambaa kigumu, kwa sababu ubavu unatakiwa ukunjike kila tairi linapozunguka. Ndiyo maana fundi pancha mwaminifu anakataa kuziba tundu la ubavuni.

Sasa piga picha ukingo wa bati unaosugua ubavu huo. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 58 huzunguka takriban mara 550 kwa kila kilomita moja. Hata kama linagusa kwenye matuta tu, kila mguso unakula mpira na kuleta joto. Mpira ukiisha, nyuzi zinabaki wazi, na nyuzi zikikatika tairi linapasuka. Kupasuka huko huja wakati tairi limebeba mzigo mkubwa zaidi: gari limejaa, liko kwenye mteremko au kwenye mwendo.

Kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaioni kwa sababu iko upande wa ndani. Tairi pana likikatwa kona linaweza kugusa mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi, au waya wa sensa ya breki. Mpira ule ukitoboka, mafuta yanavuja na breki inapungua nguvu. Mtu anayeteremka kutoka Bashnet kuja Dareda hataki kugundua hilo akiwa katikati ya mlima.

Kwa hiyo hakuna "kugusa kidogo" ambako ni sawa. Kuna kugusa ambako bado hakujaleta madhara.

Nafasi ya tairi si moja, ni tatu

Watu wengi hupima kwa vidole gari likiwa limesimama: "Mbona vidole vitatu vinapita?" Hicho ni kipimo kimoja kati ya vitatu.

Nafasi ya kwanza ni ya gari lililosimama, tupu, tairi zimenyooka. Hii ndiyo unayoiona, na ndiyo yenye habari chache kuliko zote.

Nafasi ya pili ni springi ikiwa imelala mpaka mwisho, gari likiwa limejaa au limepiga shimo. Hapo tairi linapanda kuelekea juu ya madigadi.

Nafasi ya tatu ni usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Chukua kiberiti, kilaze mezani, kishike katikati kwa kidole ukizungushe. Utaona kona zake zinafika mbali kuliko ubavu wake. Tairi likitazamwa kutoka juu lina umbo la kiberiti hicho: urefu ni kipenyo chake, upana ni upana wake. Likigeuka, mabega yake ndiyo yanayofika mbali. Sasa hamisha kidole, kizungushe ukiwa umekishika pembeni: kona ya upande wa pili inachora duara kubwa zaidi. Shika picha hiyo, itatusaidia tukifika kwenye rimu.

Tairi linatakiwa lisiguse chochote katika nafasi zote tatu, hata zikikutana: gari limejaa, limekata kona, limeingia kwenye shimo.

Soma namba zilizoandikwa ubavuni

Tuseme gari lako lilitoka kiwandani na tairi za 175/65R14, saizi ya kawaida kwenye magari madogo ya Kijapani. Saizi sahihi ya gari lako utaikuta kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 inamaanisha kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni aina ya muundo wake. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Hesabu ni hii:

Ubavu: 175 × 0.65 = milimita 113.75
Rimu: 14 × 25.4 = milimita 355.6
Kipenyo chote: 355.6 + (2 × 113.75) = milimita 583.1

Umeuziwa 185/70R14 kwa sababu "zinanyanyua gari". Fanya hesabu ileile: ubavu ni milimita 129.5, kipenyo ni 614.6. Tofauti ni milimita 31.5.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Gari halipandi milimita 31.5. Linapanda nusu yake, karibu milimita 16, kwa sababu ni nusu ya chini ya tairi tu inayoliinua kutoka ardhini. Nusu ya juu, milimita 16 nyingine, inakwenda kula nafasi ya ndani ya madigadi. Yaani kila unachopata chini unakilipia juu, kiasi kilekile. Na kwa kuwa tairi jipya ni pana kwa milimita 10, kila upande umeongezeka milimita 5.

Kuna deni jingine. Mshale wa spidi unahesabu mizunguko, haujui umebadilisha tairi. Tairi kubwa kwa asilimia 5.4 linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kama mshale wako ulikuwa sahihi kabisa, sasa ukisoma 80 unatembea zaidi ya 84, na ukisoma 50 kwenye kibao cha 50 unakaribia 53. Trafiki mwenye tochi hatakuuliza saizi ya tairi.

Rimu: namba ambayo watu hawaiulizi

Rimu mbili zinaweza kuwa zote za inchi 14, zikakaa kwenye gari lilelile, lakini moja ikasugua na nyingine isisuguwe. Siri iko kwenye ofseti, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET na namba. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, kwa milimita. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani ya gari. Ikiwa ndogo, inatoka nje.

Tuchukue rimu ya kiwandani yenye upana wa inchi 5.5 na ET45, tuibadilishe na ya urembo yenye inchi 7 na ET35. Nusu ya upana wa kwanza ni karibu milimita 70. Ukitoa 45, ukingo wa nje uko milimita 25 kutoka uso wa habu. Nusu ya upana wa pili ni 89. Ukitoa 35 unapata 54. Ukingo wa nje umetoka milimita 29, karibu sentimita 3! Kwa ndani jumlisha badala ya kutoa: 70 + 45 ni 115, na 89 + 35 ni 124. Umeingia milimita 9 kuelekea shokapu na mpira wa breki.

Kwa hiyo rimu pana inaweza kukusumbua nje na ndani kwa pamoja. Na ukikumbuka kiberiti ulichokishika pembeni, utaelewa kwa nini rimu iliyotoka nje inasugua zaidi kwenye kona: bega la tairi linachora duara kubwa. Spesa za habu, zile bamba zinazowekwa kati ya habu na rimu ili tairi zitokeze, zinafanya kitu kilekile. Spesa ya milimita 20 ni sawa na kupunguza ofseti kwa 20.

Springi, mzigo na lumbesa

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila springi ya gari inaitii: ukiongeza mzigo mara mbili, springi inalala mara mbili. Tuseme kila springi ya nyuma ya gari lako inalala milimita 1 kwa kila kilo 2.5. Pakia magunia manne ya mahindi ya kilo 100. Kama uzito wote umekaa juu ya tairi za nyuma, kila upande umepokea kilo 200. Springi inalala milimita 80. Kama ni lumbesa, fanya hesabu mwenyewe.

Gari bado halijaondoka na nafasi ya sentimita 8 imekwisha. Sasa liingize kwenye shimo. Fizikia inasema springi ikipokea mzigo kwa ghafla, bila kitu cha kuutuliza, inalala mara mbili ya pale ambapo ingelala kama mzigo ungewekwa polepole, kabla ya kurudi na kutulia. Kazi ya shokapu ni kutuliza mchezo huo. Shokapu ikifa, tairi linapanda juu zaidi kwa shimo lilelile. Ndiyo maana gari linaweza kuanza kusugua bila kubadilishwa chochote: tairi ni zilezile, rimu ni zilezile, ila springi zimelala kwa umri na shokapu zimechoka.

Kunyanyua gari: spesa gani?

Wengi wanadhani kunyanyua gari ndiyo tiba ya kusugua. Inategemea spesa imewekwa wapi.

Spesa ikiwekwa juu ya shokapu nzima, kati ya kichwa cha shokapu na bodi, shokapu na springi vyote vinashuka pamoja. Springi ikilala mpaka mwisho, tairi nalo linaishia chini zaidi kuliko awali. Hapo umeongeza nafasi ya kweli.

Spesa ikiwekwa juu ya springi tu, kwenye shokapu ileile, gari linasimama juu zaidi, vidole vitano vinapita. Lakini mwisho wa shokapu haujahama. Kwenye shimo kubwa au mzigo mzito tairi bado linaweza kufika palepale lilipokuwa linafika. Umeongeza nafasi ya gari lililosimama, ile yenye habari chache.

Vilevile, gari lililonyanyuliwa linabadilisha pembe za tairi za mbele na za vyuma vinavyozungusha tairi, na uzito wake unakaa juu zaidi kwenye kona. Ukinyanyua, pima alaimenti siku hiyohiyo.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka kabari kwenye tairi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiweke vidole kati ya tairi na madigadi.

1. *Osha.* Toa tope lote ndani ya madigadi. Wakati wa masika tope la mfinyanzi hujishikiza humo, likikauka linakuwa kama tofali, na mara nyingine ugonjwa unaishia hapohapo.

2. *Tafuta alama.* Mulika kwa tochi. Mahali panaposugua pana mng'ao, bati lisilo na rangi, au plastiki iliyolika. Kwenye tairi tafuta mstari unaong'aa kuzunguka bega au ubavu. Angalia nje na ndani.

3. *Paka chaki.* Kama alama hazionekani, paka chaki nene kuzunguka mabega yote mawili ya tairi. Endesha polepole, pita tuta, geuza mpaka mwisho kulia na kushoto. Chaki itaonekana imehamia kwenye bati au plastiki.

4. *Pima kwa tepu.* Kutoka katikati ya habu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi. Kipimo hiki hakidanganywi na upepo wa tairi wala saizi yake. Linganisha kushoto na kulia. Kama upande mmoja umepungua zaidi ya sentimita 1, shuku springi iliyolala au kukatika, au ajali ya zamani.

5. *Pima na mbele–nyuma.* Linganisha umbali wa tairi na ukingo wa mbele na wa nyuma wa madigadi, kushoto na kulia. Tairi lililorudi nyuma upande mmoja linaonyesha bushi zilizokufa au mkono wa chini uliopinda.

6. *Tikisa.* Inua tairi kidogo kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, tikisa. Likicheza, angalia pia viungo vya usukani.

Soma majibu

*Linasugua kwenye kona tu, mwendo mdogo:* tairi pana, rimu iliyotoka nje, au plastiki ya ndani imelegea.

*Linasugua kwenye matuta tu, gari tupu:* springi zimelala, shokapu zimekufa, au tairi ni refu kupita kiasi.

*Linasugua gari likijaa tu:* mzigo umezidi uwezo wa springi za nyuma.

*Linasugua upande mmoja tu:* hapa usiongelee saizi ya tairi kabla ya kutafuta kitu kilichovunjika, kilichopinda au kilicholegea. Saizi ni sawa pande zote. Ugonjwa wa saizi kwa kawaida hauchagui upande.

*Linasugua muda wote, sauti inapanda na mwendo:* plastiki inayoning'inia, skrubu iliyochomoza, au beringi. Simama uangalie sasa hivi.

Tiba, kuanzia ya bei ndogo

Anza na zisizo na gharama: osha tope, rudisha plastiki mahali pake na klipu mpya, jaza upepo unaotakiwa, punguza mzigo. Usiongeze upepo kupita kipimo ukidhani tairi litasimama. Kinachogusa juu ya madigadi hakijali upepo wa chini.

Kisha tengeneza kilichochakaa: bushi, boljointi, beringi, springi, shokapu. Springi na shokapu badilisha kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litasimama upande. Malizia na alaimenti.

Kama vyote ni vizima, tatizo ni saizi. Toa spesa za habu, rudisha rimu yenye ofseti karibu na ya kiwandani, au shuka saizi moja ya tairi. Ukitaka kimo kwa ajili ya changarawe, tairi la upana wa kiwandani lenye ubavu mrefu kidogo linakupa kimo bila kukudai upana. Piga hesabu ya kipenyo kabla ya kulipa.

Kwenye baadhi ya magari makubwa yenye eksoli nzima ya mbele, kama Land Cruiser za kazi, kuna boliti zinazoweka kikomo cha kukata kona. Fundi anaweza kuziongeza kidogo. Gari litageuka kwa duara kubwa zaidi, lakini tairi halitagusa.

Baada ya hapo ndiyo uje kwenye bati. Hata hapo, kukunja kunatangulia kukata. Ukingo wa ndani wa madigadi unaweza kulazwa kwa kupashwa moto wa wastani ili rangi isipasuke, na unaweza kukupa milimita kadhaa. Ukikata, unaacha makali ya chuma yanayotazama tairi, unafungua njia ya kutu, na kwenye madigadi za nyuma za magari mengi unaweza kukata mahali ambapo bati mbili zimeungana kubeba bodi. Tena, kama chanzo kilikuwa springi iliyokatika, springi hiyo bado imekatika. Umenyamazisha sauti, ugonjwa umebaki, na sasa hakuna kitu cha kukuonya.

Kwa hiyo fundi akiishika grinda, muulize maswali matatu: linagusa wapi, linagusa wakati gani, na kushoto na kulia tepu inasomaje? Fundi mzuri atafurahi umeuliza. Akikosa majibu, grinda isubiri, mpeni chaki kwanza.